Mahali pa Hiza

Korogwe, 2 Juni 1912

Kwa mjomba wangu Sadala, Handeni,

Shikamoo mjomba. Shikamoo nyingine ichukue umpe Bibi Tatu, umwambie ni ya moto, asiiache ipoe. Mimi hapa mzima, meno yote, nywele zote, na akili nimeongezewa. Siku hizi nikikohoa tu, waalimu wananyamaza wakidhani nataka kusema neno. Hapo nimetia chumvi kidogo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba habari bila chumvi ni uji wa mgonjwa.

Juzi niliwahadithia wenzangu nilivyopanda gari la moshi mpaka Tanga, Mgiriki akanikaribisha kahawa kwa heshima. Habakuki, mtani wangu Msambaa wa kule milimani, akauliza, "Ulikaa ndani, au ulining'inia nyuma pamoja na kuku?" Nikamwambia Mzigua hata akining'inia, ananing'inia kama bwana. Bweni zima likacheka. Kilikuwa kicheko cha mwisho kusikika humu, na sababu yake ndiyo barua hii.

Lakini kwanza nikukumbushe jambo letu. Hapa bado naitwa Hiza. Asubuhi mwalimu akiita "Hiza bin Sadala!" naitika upesi, ulimi umeshazoea. Amri ya bomani ilimtaka mwanao aje kusoma ukarani, nawe ukasema Hiza ana jeraha la mguu, niende mimi mahali pake mpaka mahindi ya masika yavunwe. Akipona atakuja kushika nafasi yake, nami nitarudi kwenye shamba langu na kwa mchumba wangu Mwantumu. Ukasema Wadachi hawatajua, maana kwao sisi sote tuna uso mmoja. Sikubisha. Kwetu mpwa ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Sasa mahindi yanakauka, mjomba. Nayaona ng'ambo ya mto.

Neno lenyewe ni hili. Ndui imeingia kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, na tumefungiwa. Langoni imekingwa kamba ya katani, askari amesimama, hatoki mtu. Sisi si watoto; wengine wana ndevu, wawili wana wake. Lakini ungetuona! Asubuhi hatusalimiani kwanza, tunatazamana nyuso. Mtu akijikuna, wenzake wanahama mkeka. Mmoja aliumwa na mbu shavuni, akalia mpaka adhuhuri. Kitabu kikifunguliwa, herufi zote ni vipele. Mimi siogopi, unanijua. Tumbo tu ndilo linaloogopa, na linanipeleka chooni bila kuniuliza.

Karibu na tarehe ishirini Bwana Daktari anakuja kutuchanja mkono. Wengine wanasema ile ni dawa. Wengine wanasema ni alama ya kumjua nani achukuliwe uaskari. Wewe umezunguka dunia. Nifanyeje?

Msalimie Hiza na mguu wake, kila mmoja peke yake. Msalimie Mwantumu, umwambie ile kanga ya Tanga ipo, haijaliwa na panya.

Mpwa wako,
Hiza wa Korogwe (Mhina wenu)


Handeni, 16 Juni 1912

Kwa mpwa wangu Mhina, jicho la dada yangu marehemu,

Marahaba, na marahaba ya Bibi Tatu imerudi ikiwa bado ya moto. Barua yako niliisoma barazani kwa sauti, watu wakasema huyu kweli ni damu ya Sadala. Nikawaambia, bado, mimi umri wake nilikuwa nimeshafika Moshi na msafara na kurudi na viatu.

Hapa tuko salama. Mtama umekubali. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja nimempa jina lako, ana kelele. Jumbe amejenga nyumba ya bati, mvua ikinyesha hasikii hata amri za bomani.

Kuhusu chanjo. Sikiliza neno la mtu aliyelala chini ya miti ya nchi za watu. Nilimwona kwa macho yangu mpagazi mwenye ile alama mkononi. Haukupita mwezi akavikwa kofia nyekundu, akapewa bunduki, mkewe hakumwona tena. Kwa hiyo usigombane nao. Mgomvi atakula viboko hamsa ishirini. Mpe daktari mkono, cheka naye, kisha nenda nyuma ya jiko, osha kwa ndimu na jivu kabla dawa haijakauka. Ndimu inakata kila kitu. Alama haitakuja, na wewe utabaki wangu.

Mguu wa Hiza bado. Kidonda kinafunga juu, chini kinachimba. Lakini ahadi ni deni, na mahindi yakiingia ghalani atakuja.

Wote wanakusalimu: Bibi Tatu, Hiza, jirani zetu wa upande wa kisimani, hata yule mzee kiziwi aliyeuliza nasoma nini.

Mjomba wako,
Sadala


Korogwe, 3 Julai 1912

Mjomba Sadala,

Shikamoo. Hongera ya mbuzi. Mwambie huyo wajina wangu apunguze kelele, ukoo huu umeshajaa.

Nimefanya ulivyosema. Daktari alinikwaruza mkono, nikamchekea, akanipiga bega akasema maneno ya kwao ambayo nadhani yalikuwa sifa. Kisha nyuma ya jiko, ndimu na jivu. Iliwaka mpaka nikaona nyota mchana. Na mimi, kwa kuwa moyo wangu mkubwa na mdomo wangu mkubwa zaidi, niliwagawia wenzangu ndimu. Nikawaambia mjomba wangu ameyaona haya Moshi. Mwenzetu Fransisko alikuja wa kwanza. Habakuki alikataa. "Mama amesema niache ikauke," akasema, "na mama yangu namwogopa kuliko Mdachi." Nikamcheka mbele ya watu. Sasa mkono wake umefanya jipu zuri lenye ganda, na mimi mkono wangu laini kama wa bibi harusi.

Mjomba, wiki iliyopita Fransisko alishikwa na homa. Tulimficha. Tulimlaza nyuma ya magunia ya mahindi, akiitwa jina tunaitikia kwa zamu, tukibadili sauti. Tulifikiri tunamwokoa, maana anayepelekwa kambi ya wagonjwa kule mtoni hatujaona akirudi. Vipele vilipomtoka usoni, yeye mwenyewe alitambaa mpaka mlangoni akamwita askari. Alituambia, "Msinishike." Tangu hapo hakuna anayelala vizuri humu. Kuna anayesali mpaka sauti inakauka. Kuna anayeoga kutwa. Kuna aliyeacha kula, anasema chakula kina harufu ya ndui. Na mtihani tumeambiwa uko palepale. Jana mwalimu aliuliza saba mara nane, mtu mzima mwenye ndevu akatokwa na machozi.

Ndugu za watu wanakuja. Wanasimama ng'ambo ya mtaro, sisi tunasimama huku, tunapigiana kelele kama wachungaji. Mama yake Habakuki ameshuka kutoka Usambara kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Hakuruhusiwa kuvuka. Akakaa ng'ambo akamwimbia mwanawe nyimbo za kanisani mpaka jua lilipoanza kushuka, kisha akapanda milima yake. Habakuki alijificha uso. Sikumtania.

Njoo, mjomba. Sisemi unitoe leo. Njoo tu usimame ng'ambo ya mtaro na kofia yako ile, unidanganye habari za Moshi. Na Hiza akija naye hata kwa magongo, aone mahali pake palivyo.

Halafu, katika salamu zako umemtaja mpaka mzee kiziwi. Mwantumu umemruka. Kalamu iliteleza?

Mpwa wako,
Hiza wa Korogwe


Handeni, 22 Julai 1912

Mhina mpwa wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima.

Nilikuwa nimeshafunga safari, fimbo mkononi, nikaambiwa njia ya Segera imefungwa na askari kwa sababu ya ugonjwa. Mtu mzima hashindani na bunduki. Nakupelekea asali na nyama kavu kwa mkono wa tarishi. Akikupa kidogo, ujue nyingine imo tumboni mwake.

Usimfikirie Fransisko. Kila mtu ana siku yake. Wewe ndimu imekulinda na uaskari, na damu yetu itakulinda na mengine. Soma. Ukarani si kitu kibaya, nimeanza kufikiri. Karani havunji mgongo. Hata ukikaa huko miezi kidogo zaidi, si hasara.

Mguu wa Hiza uko vilevile. Mwantumu hajambo.

Nina kazi nyingi siku hizi, wageni wanaingia na kutoka. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mjomba wako,
Sadala


Korogwe, 8 Agosti 1912

Kwa Sadala, mzee wa njia zilizofungwa,

Shikamoo, maana adabu sikuipata kwako, niliipata kwa Bibi Tatu, na yeye hajaniudhi.

Njia ya Segera imefungwa kweli. Ndiyo maana jana Zamda, yule mama wa tumbaku wa Handeni, amepita hiyo hiyo na mzigo wake kichwani, akasimama ng'ambo ya mtaro akiniita kwa jina langu mpaka nikaona haya, maana humu hakuna Mhina. Nikamkimbilia. Nilikuwa na furaha, mjomba! Nikamwuliza habari za nyumbani, naye akazimwaga kama anavyomwaga tumbaku, bila kupima.

"Lo, harusi ilifana! Ngoma siku mbili. Na Hiza, mwanangu, alicheza yule! Alikanyaga mpaka vumbi likaingia kwenye pilau. Wazee wakamwambia punguza, utatoboa nchi."

Nikasema, "Kwa mguu gani?"

Akasema, "Kwa yote miwili. Kwani ana mingapi?"

Nikamwuliza bibi harusi nani. Hapo Zamda akanitazama vizuri, akaanza kufunga mzigo wake. Akasema, "Hawakukuletea habari?" Nikasema, "Waliniletea asali." Akaondoka hata tumbaku hakuuza.

Sasa nimeelewa wageni walioingia na kutoka. Nimeielewa na asali, ni ya harusini. Nimeila, tena nimewagawia wenzangu nikijisifu, nikawaambia nyie mna wajomba, mimi nina Sadala.

Nataka nikuulize neno moja tu. Bibi alitusimulia kwamba zamani za njaa kubwa wajomba waliwaweka wapwa rehani kwa vibaba vya mtama, ili nyumba nzima isife. Walikuwa wakilia wakifanya hivyo. Wewe mwaka jana ghala lako lilikuwa limejaa. Uliniweka rehani kwa njaa gani?

Kama ungeniambia, "Mhina, nampenda mwanangu kuliko wewe, nenda," ningekuja. Unanijua, ningekuja nikiimba. Wewe ukanipa mguu. Nimeuombea dua mguu mzima, mjomba. Nimeuota.

Mwantumu, sasa mke wa Hiza, sina la kumwambia. Kanga nimeikata, nimewapa wenzangu wafungie vichwa, maana humu vichwa vinauma. Changu pia kinauma tangu jana, na mgongo kiunoni kama nimebeba reli. Labda ni hasira. Habakuki ananitazama usoni asubuhi hii kwa muda mrefu kuliko kawaida, wala hanitanii.

Barua hii askari ataifukiza moshi kabla haijatoka. Ukisikia inanuka, si ndui. Ni mimi.

Mhina


Korogwe, 14 Oktoba 1912

Kwa Sadala,

Shikamoo. Barua yangu ya Agosti hukuijibu, basi naandika nyingine, maana maiti hana haraka.

Haikuwa hasira. Siku ya pili yake walinichukua. Kule mtoni wanalaza watu vibandani juu ya majani ya mgomba, kwa kuwa ukilazwa kwenye mkeka ngozi inabaki mkekani. Sitakuandikia nilivyokuwa. Nilikuwa kitu kisicho na uso. Nilipotia akili niliuliza Fransisko yuko kibanda gani, mwuguzi akaelekeza kidole nje, chini. Alikuwa wa kwanza kupokea ndimu yangu. Nilimpa kwa mkono huu.

Kula sikuweza mwenyewe. Habakuki ndiye aliyeniletea uji. Kwa kuwa chanjo yake ilishika, daktari alimruhusu kuingia. Alikuwa akinilisha kwa kijiko huku akinitukana, "Fumbua mdomo, Mzigua, mbona kwa uongo ulikuwa ukifumbuka wenyewe?" Siku moja nikatema nikacheka. Akatoka nje upesi. Nilimsikia analia huko nje, halafu akarudi akaanza matusi upya.

Sasa sikiliza kichekesho, wewe uliyependa vichekesho. Kijana mwingine wa kibanda changu alikufa, waandikaji wakakosea mtu. Ikatangazwa shuleni, tarishi akapeleka bomani kwenu: Hiza bin Sadala amefariki kwa ndui, Korogwe. Mimi nilisikia nikiwa nimelala, na ulimi haukuweza kukanusha. Nikajifariji. Nikasema, angalau sasa watalia. Hiza yuko hapo mbele yao anakula, kwa hiyo watajua ni Mhina aliyekufa. Mjomba atakaa chini. Watatandika jamvi.

Juzi kamba ya langoni imetolewa, Zamda naye akapita. Alipiga ukelele aliponiona, kwanza kwa kuwa mimi mzimu, pili kwa kuwa mimi mbaya. Uso wangu sasa ni kama njia iliyopitwa na mbuzi baada ya mvua. Nikamwuliza, "Matanga yangu yalikuwaje?" Nilitaka kujua nani alilia sana, nimtanie.

Akasema hapakuwa na matanga. Akasema jumbe aliogopa, na wewe ukaogopa, kwamba mkilia, akida wa Wadachi atauliza mnamlilia nani ilhali Hiza huyu hapa. Mkanyamaza. Barazani mkaendelea na kahawa. Bibi Tatu tu, akasema, alijifungia jikoni, akajipaka jivu, akakaa chini bila jamvi, akamfukuza kila aliyemletea chakula.

Nimesamehe mguu, karibu. Mwantumu, nitajaribu. Lakini kukaa kimya na kikombe mkononi! Mbuzi mwenye jina langu angekufa, mngemsemea hata "maskini".

Mwambie Bibi niko hai. Mwambie yeye, ndani, kwa sikio.

Mhina


Handeni, 2 Novemba 1912

Kwa mpwa wangu mpenzi Mhina, mwana wa dada yangu,

Alhamdulillahi, alhamdulillahi, na tena. Barua yako imefika, Bibi ameishika kifuani wala hajui kusoma. Nimefurahi kiasi ambacho mdomo huu, unaoujua, umekosa maneno. Mungu ni mkubwa.

Mtama umevunwa. Mvua za vuli zimeanza vizuri. Yule mbuzi amekua.

Mambo ya nyuma tusiyachimbe. Mtu mzima ana mengi kichwani ambayo kijana hawezi kuyaona. Siku moja tutakaa, tutasema.

Mhina, mgeni ameingia nyumbani. Bibi amekataza tumtaje jina. Hiza yuko chini tangu juzi, na leo asubuhi vipele vimemjaa uso wote. Analalama mgongo. Wachanjaji wa bomani walipokuja mwezi wa tisa nilimwambia aoshe. Ndimu ileile. Nilimkamulia mimi.

Jirani zetu wa upande wa kisimani wamehama. Jumbe ameziba njia ya kwetu kwa miiba. Unajua anayeweza kumshika mgonjwa huyu ni yule tu aliyekwisha kupita humo akatoka. Nimetafuta mtu mwenye makovu yake usoni mpaka Kideleko, hakuna anayekubali. Bibi anataka kuingia, nimemshika kwa nguvu, uzee wake hautahimili. Mwantumu ni mjamzito. Mimi nasimama mlangoni. Namsukumia maji kwa fimbo. Mwanangu, namsukumia maji kwa fimbo yangu ya safari.

Sina uso wa kukuomba. Nakuomba.

Mjomba wako,
Sadala


Korogwe, 6 Novemba 1912

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii inatangulia kwa mkono wa Zamda, anaondoka sasa hivi. Mimi nafuata kesho, kwa kuwa bado natembea kama bata na sitaweza mwendo wake.

Nitakueleza nilivyopata ruhusa, kwa kuwa utapenda. Niliingia kwa bwana mkubwa wa shule, ambaye tangu nitoke mtoni amenirudisha kwenye daftari la walio hai, nikasimama wima. Nikasema, "Bwana, mimi Hiza bin Sadala naomba ruhusa nikamwuguze ndugu yangu Mhina. Ana ndui." Akauliza, "Huyo Mhina ni nani kwako?" Nikasema, "Ni mtu aliyekaa mahali pangu, bwana." Hakuelewa, akanipa ruhusa. Kumbe ingekuwa rahisi kumwambia kweli. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Ungefungwa wewe, jumbe angechapwa, nami ningerudishiwa jina langu mchana kweupe. Nikalimeza. Usinishukuru. Nililimeza kwa ajili ya mwanamke mzee aliyekaa jikoni kwenye udongo.

Habakuki amenisindikiza mpaka mtoni. Nikamwambia naogopa. Ni mara ya kwanza kulisema neno hilo bila kulisingizia tumbo. Akasema, "Unaogopa ndui gani tena wewe? Ndui ikikuona inakupa shikamoo." Nikamwambia siogopi ndui. Naogopa nitakapomwona Hiza usoni, moyo wangu utaniambia mwache. Akasema, "Basi mlishe huku unamtukana. Mimi ilinisaidia."

Kwa hiyo nakuja, na maagizo yangu ni haya. Kata majani ya mgomba, yale mapana, umlaze juu yake, ondoa mkeka. Uji mwepesi, usitiwe chumvi wala mafuta. Nzi wafukuzwe. Mwantumu apelekwe bomani leo akachanjwe, na wewe, na Bibi, na jumbe na bati lake. Nikikuta harufu ya ndimu kwenye mkono wa mtu yeyote, ninageuka narudi. Ulifika Moshi, sikatai. Lakini ulimtazama mpagazi mmoja ukatufanya sote tumfuate, na Fransisko hakuwahi hata kumwona.

Mlangoni kwa Hiza nitasimama mimi. Wewe kaa mbali. Fimbo yako ipumzishe.

Akipona, na atapona, maana nitamtukana vizuri, atasubiri ganda lianguke, kisha atakuja Korogwe ashike jina lake mwenyewe. Nyuso zetu sasa zitafanana kuliko mwanzo. Ulisema kweli kuhusu Wadachi. Hesabu zangu ni nzuri, ajitahidi asiniaibishe. Akiulizwa saba mara nane aseme hamsini na sita, upesi, bila kulia.

Chakula chako sitakula. Nitakula cha Bibi, jikoni, kwenye udongo pale alipokaa.

Kuhusu yale ya nyuma ambayo hutaki tuyachimbe, sitayachimba. Ila nataka kitu kimoja, na nikifika nisipokikuta, nitamwuguza mwanao lakini salamu yangu hutaisikia tena. Tandika jamvi uani. Si la Hiza, Hiza hafi. La kwangu. Waite watu wote wasioogopa, wakae mbali mbali kama wanaogopa. Usipike kahawa. Bibi akae mbele. Na wewe, mjomba, ukae chini, kofia umeivua, akida aone, jumbe aone, ulie kwa jina langu lote: Mhina, mwana wa dada yako.

Ukiniona natokea njiani, usinyanyuke. Mimi mwenyewe nitakuja kuketi ubavuni kwako, na kabla sijaingia kwa mgonjwa, utanipa pole. Mimi ndiye mfiwa. Nilimpenda sana yule kijana, na alikuwa na mjomba.

Mhina